Miche ya mchaichai ya kando ya barabara: upi uchukue, upi uache

Kwa wauza miche wa Dar es Salaam na Mombasa, mchaichai hukaa kwenye viriba vyeusi, na mteja mgeni hukimbilia ule mrefu wenye majani tele. Huo ndio wa kuuacha. Mchaichai hununuliwa shina. Majani marefu juu ya kiriba kidogo ni dalili kwamba mche umezeeka kitaluni. Inua kiriba utazame chini: mizizi ikiwa imetoboa nailoni na kushika ardhi, itakatika ukiung'oa. Chukua wenye mashina matatu au manne manene kama kidole gumba, hata kama majani yamekatwa yakabaki shubiri moja. Muuzaji aliyeyakata anaijua kazi yake, kwa sababu majani mengi humaliza maji kabla mizizi haijashika.

Kabla ya kulipa, fikicha ncha ya jani. Mchaichai wa chai unanukia limau. Ukisikia harufu ya sabuni ya manukato, na chini ya shina pana wekundu, hiyo ni sitronela, nduguye. Hufukuza mbu, lakini chai yake haipendezi.

Pakiti za mbegu hatuzipendekezi. Mchaichai tunaoutia kwenye chai ni nadra kutoa maua, kwa hiyo kilichomo ndani ya pakiti kwa kawaida ni aina nyingine. Afadhali fungu la sokoni, mradi shina liwe na kitako chake kigumu. Lisimamishe kwenye glasi yenye maji ya sentimita 4, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Mizizi hutoka ndani ya wiki mbili au tatu. Kitako kikishakatwa, hata ungoje mwezi huoni mzizi.

Mche wa kiriba unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku na shimo la sentimita 30, udongo wake uchanganywe na nusu ndoo ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ukipanda zaidi ya mmoja, acha sentimita 75 kati yao. Mwagilia kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kinachoua mingi ni maji kutuama kwenye udongo wa mfinyanzi: kitako kinakuwa cha kahawia, na ukivuta shina linakuja lenyewe, linanuka. Hapo inua tuta la sentimita 20 kabla ya kupanda tena.

Uvunaji huanza mwezi wa nne baada ya kupanda. Kata majani sentimita 10 juu ya ardhi, na uvae mikono mirefu maana jani linachana ngozi. Michirizi ya rangi ya kutu upande wa chini wa jani ni ugonjwa wa ukungu: fyeka majani yote yaliyougua, yachome, na tangu hapo mwagilia shinani tu.

Kwa chai ya nyumba moja, kiriba kimoja kinatosha. Baada ya miaka miwili au mitatu katikati ya kichaka hukauka. King'oe, tupa moyo wake, upande upya mashina ya pembeni. Huna haja ya kurudi kwa muuzaji.