Seti ya treni ya Hornby aliyoniletea baba: uzoefu wangu hapa Mbeya

Wazazi wengi wakiiona meza yangu ya treni huniuliza kama inafaa kumnunulia mtoto kitu kama kile. Jibu langu ni ndiyo, ila nunua ya umeme, yenye njia ya upana wa milimita 16.5, yaani nafasi kati ya reli mbili. Yangu ni ya Hornby, kampuni ya Uingereza iliyoanza kutengeneza treni za kuchezea mwaka 1920. Baba alikuwa fundi wa injini TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Aliniletea miaka ya 1980 aliporudi kutoka masomoni, na mpaka leo inatembea.

Ndani ya boksi kulikuwa na kichwa cha mfano wa treni ya dizeli, mabehewa mawili, reli za kuunga mzunguko mmoja, na transfoma yenye kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo. Transfoma inashusha umeme wa ukutani hadi volti 12 za DC, umeme unapita kwenye reli zenyewe, na magurudumu yanaupokea na kuufikisha kwenye mota. Soketi za Uingereza ni za matundu matatu kama zetu, kwa hiyo hatukuhitaji adapta. Baba mdogo aliuliza kwa nini mtoto wa kike aletewe treni badala ya mwanasesere. Baba akamjibu kwamba TAZARA ina kilomita 1,860 na haijawahi kumuuliza abiria jinsia yake.

Kilichonifunga na treni kwa maisha yangu yote ni somo alilonipa jioni moja. Alichomoa ekseli moja ya behewa, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili, akaniwekea kiganjani, akaniambia nipitishe kidole juu ya gurudumu. "Mwanangu, unasikia linavyoteremka kidogo kuelekea nje?" Nilisikia. Akanieleza kwamba gurudumu la treni halichongwi bapa. Kwenye kona, gurudumu la nje hupanda sehemu yake nene na la ndani hukaa kwenye sehemu nyembamba, ndipo magurudumu yaliyofungwa kwenye ekseli moja ngumu yanapoifuata kona bila kuburuzika. Ule ukingo wa ndani, ambao watu wengi hudhani ndio unaoiongoza treni, kazi yake ni kuzuia tu mambo yakizidi. Siku iliyofuata alinipeleka yadi nikaangalia gurudumu kubwa. Lilikuwa vilevile! Sijui mwanasesere gani angenifundisha hivyo.

Sasa sababu ya kusisitiza milimita 16.5. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Ukitengeneza kila kitu kwa kipimo cha 1:64, yaani umepunguza mara 64, reli ya milimita 16.5 inawakilisha milimita 1,056. Tofauti hiyo jicho haliioni. Magari mengi madogo ya chuma wanayochezea watoto nayo yanakaribia kipimo hichohicho, kwa hiyo malori yaliyopanga foleni kwenye kivuko changu cha reli niliyapata sokoni Mwanjelwa. Na ukitaka SGR, ambayo ina milimita 1,435, tumia 1:87 juu ya reli hizohizo na hesabu inaingia karibu kamili. Abiria walipoanza kupanda SGR mwaka 2024, wanangu walitaka mfano wa ile treni yake ya umeme, na sikulazimika kununua reli mpya hata kipande.

Hapo lazima niseme jambo kuhusu treni za Kiingereza zenyewe. Hizo ni za 1:76, kwa hiyo zikikaa kwenye reli ya 16.5 njia inakuwa nyembamba kuliko ilivyo kweli Uingereza. Zamani mota zilikuwa kubwa, na treni za kule ni nyembamba kuliko za Bara la Ulaya, basi wakakuza bodi na kuiacha reli ilivyo. Mtoto hatalijua hilo. Mtu mzima anayependa vipimo litamsumbua, mimi linanisumbua.

Kwa mazingira yetu, adui ni vumbi. Kiangazi cha Mbeya kinapokolea, reli zikikaa siku chache tu bila kufutwa, kichwa kinaanza kusitasita, taa zinapepesa, mwisho kinasimama. Futa kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti, na magurudumu vilevile. Usitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo inashika uchafu zaidi. Kaboni za mota, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zikiisha, tafuta fundi redio mwenye mkono mwepesi. Wangu hununua kaboni ndefu na kuzisugua taratibu hadi zitoshe.

Vipuri halisi vinaagizwa nje, na mara nyingi usafiri unazidi bei ya kipuri chenyewe. Hilo ndilo linaloniuma. Vingine vyote vinapatikana hapahapa. Meza ni plaiwudi na mbao za msonobari kutoka Mafinga, milima ni magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, na majani ni unga wa msumeno uliotiwa rangi. Sasa hivi ninajenga kipande cha Mlimba hadi Makambako, kwenye mahandaki na madaraja mengi, na njia itaendelea hadi Uyole, ambako TAZARA inafika mwinuko wake wa juu kabisa, mita 1,789 hivi. Kupandisha njia ni kazi ya subira. Ukizidisha sentimita 3 kwa kila mita, kichwa kinazungusha magurudumu bila kusogea.

Ukiamua kununua, pima chumba kwanza. Kona ya kawaida ya seti hizi ina nusu kipenyo cha milimita 438, kwa hiyo meza isiyofika upana wa mita moja itakubana. Seti iliyotumika haina ubaya, ila iwashwe mbele yako, kichwa kitembee mbele na nyuma kwa mwendo wa polepole kabisa. Kikienda vizuri polepole, mota ni nzima. Transfoma ya zamani yenye waya uliochubuka usiichomeke, nunua mpya.