Mazoezi ya jioni kwa wanafunzi wanamichezo, Mtwara: tathmini ya mzazi

Binti yangu yuko kidato cha tatu, anacheza netiboli na mpira wa wavu, na katika riadha hukimbia mita 800. Nilipomwandikisha katika mazoezi ya jioni yanayofanyika jirani na Uwanja wa Nangwanda Sijaona, nilikuwa natafuta mtu wa kumsaidia kuugawa muda wake, kwa maana bidii anayo tele.

Kilichoniridhisha zaidi ni daftari. Kila mwanafunzi huandika saa aliyolala na kuamka, kazi za shule alizomaliza na maumivu aliyonayo, na kocha huusoma ukurasa huo kabla hajamruhusu kuingia uwanjani. Jumatatu moja binti yangu alikuwa ameandika kwamba alilala saa saba usiku akimalizia maswali ya hesabu. Kocha alimwondoa kwenye mbio za kasi, akampa mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo, kisha akamtaka apange siku ya kuanza kazi kama hiyo mapema. Hakumfokea. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, nami nafurahi kumpata kocha anayelizingatia hilo.

Mchezaji wa michezo mitatu huvutwa na walimu watatu, hasa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inapokaribia, na kila mwalimu huuona mchezo wake kuwa wa kwanza. Kwa kuwa kuruka mara kwa mara katika netiboli na wavu huelemea magoti na vifundo vya miguu, kocha huwasiliana na walimu hao ili mbio ngumu zisiangukie siku inayofuata mechi. Siku ya mapumziko ya kila wiki haiguswi, hata mwanafunzi akibembeleza.

Wazazi wakulima huruhusiwa kumalizia ada baada ya mnada wa korosho, utaratibu ambao umewabakiza watoto wengi.

Kasoro zipo. Maji ya kunywa hayatoshi, na kwa joto la pwani hilo si jambo dogo. Wasichana hawana mahali pa staha pa kubadilishia nguo. Binti yangu hulazimika kutoka nyumbani akiwa amevaa jezi ndani ya sare. Ningependa mambo hayo mawili yatatuliwe kabla ya kununuliwa mipira mipya, na niko tayari kuchangia.