Shampuu ya klorheksidini na mikonazoli kwa mbwa anayejikuna: wiki 7 tukiwa na mtoto mdogo ndani

Nimesubiri wiki 7 kabla ya kuandika maana sikutaka kuja kusifia kitu baada ya kuogesha mara moja. Hii ni ile shampuu ya dawa ya mbwa yenye klorheksidini (ya kuua vijidudu) asilimia 2 na mikonazoli (ya kuua fangasi) asilimia 2. Wanaoitengeneza ni kampuni zaidi ya moja kwa hiyo mi naongelea dawa yenyewe, we geuza chupa usome nyuma, ukikuta hivyo vitu viwili kwa kiwango hicho basi ndo yenyewe. Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyoinyima ntaieleza chini.

Hali tuliyokuwa nayo kwanza. Mbwa wetu Bosi ana miaka 3, alianza kujikuna kidogo kidogo tukaona kawaida, baadae ikawa usiku kucha, mmelala mnasikia mguu unagonga sakafu du du du du, akichoka kujikuna anatafuna vidole vya miguu, akimaliza anajilamba kwapani mpaka manyoya meupe ya pale yakageuka rangi ya kutu kwa ajili ya mate. Tumboni ngozi ikawa nyeusi na nene, ukiishika kama ngozi ya kiatu. Na harufu jamani, uchachu fulani kama nguo mbichi zilizosahaulika kwenye ndoo, ukimwogesha asubuhi jioni imerudi.

Wakati huohuo mtoto wetu akiwa na miezi 7 akatoka vipele mashavuni na nje ya mikono, vyekundu vikavu, akawa anasugua uso kwenye shuka mpaka unachubuka. Sasa hapo kila mtu akaunganisha, mbwa anajikuna, mtoto anajikuna, basi mbwa ndo chanzo. Mama yangu mzazi alikuja kumwona mjukuu, akamwangalia yale mashavu akaniambia, "Mwanangu, mbwa utapata mwingine, huyu hupati mwingine." Nikamwambia "Mama, nipe wiki chache tujue kwanza ni nini." Hakufurahi lakini alinyamaza. Nililia usiku ule kwa sababu sikuwa na uhakika kama naomba wiki chache kwa ajili ya mbwa huku mtoto anaumia.

Makosa tuliyoyafanya kabla ya kwenda kwa daktari nayataja ili mwenzangu usipite humohumo. Tulimwogesha kwa shampuu ya mtoto tukidhani kwa kuwa ni laini haitamdhuru, kumbe ngozi ya mbwa haina asidi kama ya binadamu, shampuu zetu hazikutengenezwa kwa ajili yake na ukirudia rudia zinaikausha. Mtu mmoja akatushauri mafuta ya mti wa chai, tukayanunua ila namshukuru Mungu hatukupaka, maana kwa mbwa hayo ni sumu hasa yasipozimuliwa, na mbwa hujilamba kila unachompaka. Halafu kuna krimu ya nepi, ile nyeupe yenye zinki. Tuliipaka kwenye kidonda cha Bosi tukaona si ya mtoto tu, itamdhuru nini, daktari alivyosikia akatukataza palepale, zinki akiilamba inamletea kutapika na ikizidi inaharibu damu. Hata ile unayompaka mtoto angalia mbwa asije kumlamba.

Daktari wa mifugo hakuanza na dawa, alianza na karatasi nyeupe. Alimchana Bosi mgongoni karibu na mkia kwa kitana chenye meno membamba, ule uchafu mweusi uliotoka akauweka kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Tukasimama tunaangalia. Zile punje nyeusi kama pilipili manga zikaanza kutoa rangi ya wekundu pembeni, akasema hiyo ni damu ya mbwa wako iliyopitia tumboni mwa kiroboto. Na sisi tulikuwa tunaapa hatuna viroboto kwa sababu hatujawahi kumwona hata mmoja! Akatueleza kwamba mbwa mwenye aleji ya viroboto anareact na mate ya kiroboto, hivyo hata wakiwa wachache sana anateseka, na yeye mwenyewe anawalamba na kuwameza kabla hujawaona.

Halafu akakwangua ngozi kidogo aangalie utitiri wa upele, maana huo wa mbwa unaweza kumpata mtu pia na kumletea vipele vya muda, na kwa sababu ya mtoto alitaka kuutoa kwenye orodha kwanza. Hakuuona. Akauliza pia kuhusu mabaka ya mviringo yenye manyoya yaliyokatika kwa sababu ya fangasi wa mashilingi ambao nao wanaambukiza watu, napo hakuona kitu. Mwisho akabandika selotepu kwapani, akaitia rangi, akaiweka kwenye hadubini, akaniita niangalie. Tuvidude twa zambarau tupo tele, tumebanwa katikati kama ganda la karanga. Hao ni Malassezia, fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya mbwa siku zote ila ngozi ikiharibika wanazaliana kupita kiasi, na ndo wenye ile harufu na ule weusi.

Kwa hiyo yalikuwa mambo mawili yanabebana. Viroboto wanamwasha, anajilamba, ngozi inakaa mbichi, fangasi wanashamiri, wanamwasha zaidi. Akatupa kidonge cha viroboto kinachofanya kazi wiki 12 na hii shampuu. Hivyo vidonge, kama mbwa wako ana historia ya kifafa mwambie daktari kabla, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2018 juu ya kundi hilo la dawa kuleta mitetemeko na degedege kwa baadhi ya wanyama.

Sasa shampuu yenyewe. Maelekezo ni mara 2 kwa wiki, na povu likae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuza. Hizo dakika 10 ndo kila kitu na ndo watu wengi wanaharibu hapo, na mimi nilitaka kuharibu, dakika 10 za kumshikilia mbwa mwenye povu ni ndefu kuliko unavyofikiria. Mara ya kwanza nilisuuza baada ya dakika 4 hivi nikaona inatosha, baada ya siku 2 harufu ileile. Mara ya pili nikaweka saa ya simu, mume wangu akamshika begani, mi nikawa namkanda polepole kwapani na katikati ya vidole, kila kidole, na Bosi ambaye siku zote anakimbia bafu alifika dakika ya 6 akashusha kichwa akaegemea mkono wangu akafumba macho. Sijui kama ni dawa ama ni kule kukandwa, ila tangu siku hiyo haburutwi tena kuingia bafuni.

Vitu vya kuzingatia ambavyo kwenye chupa vimeandikwa kwa herufi ndogo mno. Isiingie machoni kabisa, klorheksidini inaumiza mboni, mi uso namfuta kwa kitambaa chenye maji tu. Isimwagike ndani ya masikio. Na kama kachafuka tope ukaanza kwa sabuni ya kawaida, isuuze yote iishe ndo upake hii, kwa sababu mabaki ya sabuni yanaua nguvu ya klorheksidini, hilo nililijua wiki ya 3 na nilisikitika kwa povu nililokuwa nimelipoteza. Baada ya kusuuza, kausha. Tena kausha kweli, kwapani na katikati ya vidole, ukimwacha mbichi unawapa fangasi makazi upya.

Matokeo: mwisho wa wiki ya 1 harufu imepungua, sijasema imeisha. Wiki ya 2 ule mguu wa usiku ukawa mara mojamoja. Wiki ya 4 manyoya yameanza kuota tumboni, laini kama ya kifaranga. Ngozi nyeusi bado ipo ila imelainika, daktari kasema rangi inachukua miezi kurudi. Sasa hivi tunaogesha mara 1 kwa wiki.

Lakini nisiwadanganye, shampuu pekee isingefika hapa. Hii inaua fangasi na bakteria wa juu ya ngozi, haizuii kinachomwasha mbwa mwanzoni. Kama ni viroboto, bila kuwashughulikia viroboto utaogesha mpaka uchoke, na wengi wao hawako hata kwa mbwa, mayai na viluwiluwi viko kwenye kapeti, kwenye mito, kwenye nyufa za sakafu, na wakiwa ndani ya kifukofuko wanaweza kukaa miezi wakisubiri. Tulifua matandiko yake kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki na kufyonza vumbi kila siku, hata chini ya kitanda cha mtoto. Na kama ungeondoa viroboto na fangasi bado akawa anajikuna hapo daktari alisema ndo tungeanza kutafuta aleji ya chakula, ambayo inataka mlo mmoja maalumu usiochanganywa na chochote kwa wiki 8 au zaidi, ama aleji ya vitu vya hewani kama utitiri wa vumbi na chavua ambayo mara nyingi huanza mbwa akiwa na miezi 6 mpaka miaka 3. Hatukufika huko, naomba tusifike.

Mtoto sasa, najua wengi mmesoma mpaka hapa kwa ajili yake. Daktari wa watoto alimwangalia akasema hii ni pumu ya ngozi, na kwa watoto wengi huanza miezi ya mwanzo, mashavuni na mikononi hivyohivyo, awe na mbwa nyumbani asiwe naye. Alitupa krimu nzito isiyo na manukato ya kupaka mara kadhaa kwa siku na mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, akatuambia tuache sabuni ya unga yenye manukato. Nikamwomba mtoto apimwe aleji ya mbwa. Wakamwekea tone kwenye mgongo wakachoma juujuu kidogo sana, baada ya dakika 15 tukaangalia, pale pa tone la mbwa hapakuvimba. Nilimkumbatia nesi. Daktari akaniambia taratibu kwamba kipimo cha umri huu kinaweza kubadilika baadae, kwa hiyo tuendelee kuangalia, hasa akianza kukohoa, kupiga chafya mfululizo, macho kuwa mekundu akiwa karibu na Bosi.

Nikamuuliza kuhusu zile mbwa wanazosema hazileti aleji. Akasema hamna. Kinacholeta aleji ni protini iliyopo kwenye mate na mba wa ngozi, kubwa yake inaitwa Can f 1, na kila mbwa anayo, awe na manyoya mafupi marefu au ya kujikunja. Kuogesha kunaipunguza ila baada ya siku chache inarudi palepale. Kwa hiyo kama mtu anainunua hii shampuu akitegemea itatibu aleji ya mtoto kwa mbwa, hapana, usiinunue kwa sababu hiyo. Ila mbwa asiyejikuna hapukutishi mba kama awali, na hilo tunaliona sisi tunaofagia. Bosi haingii chumba cha mtoto, mlango unafungwa, na siku Bosi akiogeshwa, mtoto hamgusi mpaka akauke kabisa. Mtoto halambwi usoni, Bosi tunamzuia.

Mashavu yametulia, kuna wiki yanarudi kidogo hasa hewa ikiwa kavu, tunaongeza krimu yanashuka.

Nyota moja nimeikata kwa mambo matatu. Chupa yetu ya kwanza pampu yake ilikwama wiki ya 2 ikabidi nifungue kifuniko na kumimina, ambapo unamimina nyingi bila kutaka, na kwa kitu kisicho cha bei rahisi inauma. Maandishi madogo nimeshayasema, neno dakika 10 lingepaswa kuwa mbele kwa herufi kubwa. Na inakausha manyoya, Bosi amekuwa mkavu mgongoni, daktari ametuongezea losheni ya kulainisha ya mbwa ya kumpulizia baada ya kuoga. Chupa ya mililita 250 ilitutosha mara 6 kwa mbwa wa kilo 22, tulipaswa kuambiwa mapema tununue kubwa.

Mama alikuja tena wiki iliyopita. Alimshika Bosi tumboni, akanusa mkono wake, akanitazama. Kisha akaomba aonyeshwe ile chupa, mbwa wa jirani yake naye anajikuna. Nikamwambia ampeleke kwanza akachanwe kwenye karatasi nyeupe.

Kidonge kikifika wiki 12 ntarudi kuongeza hapa kama ngozi imekaa.