Unanunua keram? Ulaze kwanza ule ubao, uangalie kama umebonyea

Kwangu Jumamosi usiku ni keram, ule mchezo wa kupiga kete kwa kidole ziingie kwenye matundu ya kona za ubao. Tunakuwa sita, saa nyingine nane, wanne wako kwenye ubao, waliobaki wanasubiri zamu na kahawa na kashata, tunaenda hivyo mpaka saa sita. Sasa mwezi wa tatu ubao wangu wa zamani fremu iliachia, nikaenda Kariakoo nikanunua mwingine sh 85,000, unang'aa, mistari imechorwa vizuri, nikarudi nao kwenye bajaji nimeukumbatia kama mtoto.

Usiku uleule kwini, ile kete nyekundu, imekaa karibu na tundu la kulia, shoga yangu akaisukuma taratibu, kitu cha kuingia kabisa, tukaiona inaenda inaenda halafu inakata kona yenyewe inarudi katikati. Tukairudisha, akapiga tena, ikakata tena. Nikachukua straika, ile kete kubwa ya kupigia, nikaisukuma kwa ukucha kutoka kila upande, kila upande inaishia palepale katikati kama kuna sahani. Nikaweka rula ya chuma juu ya ubao, nikawasha tochi ya simu kwa nyuma, mwanga ukapita chini ya rula pale katikati. Ubao mpya, siku ya kwanza, umebonyea.

Ndio maana naandika, na tangu niwaambie watu hapa mtaani wameshanijia watatu wana shida hiyohiyo na wao walidhani hawajui kupiga!

Watu wakienda kununua wanaangalia rangi, wanauliza kama kete ni za mbao au plastiki, wanahesabu kete 19 zimetimia, nyeusi 9, nyeupe 9 na kwini nyekundu. Sawa, lakini kete zinanunuliwa hata baadaye. Ubao ukibonyea huwezi kuunyoosha. Angalieni unene wa plaiwudi. Kanuni za kimataifa za keram zinataka isipungue milimita 8, na uwanja wa kuchezea uwe sentimita 74 hivi kila upande. Nyingi za madukani ni nyembamba kuliko hapo, tena ukigeuza chini hukuti hata kipande kimoja cha mbao cha kuishikilia katikati, halafu pwani hii na unyevu wake, ikiingia masika plaiwudi inakunywa maji ya hewani, basi imekwisha.

Kwa hiyo dukani: ulaze kwenye meza au sakafu iliyo sawa, weka rula kona kwa kona, washa tochi. Geuza chini, tafuta mbao za msalaba. Halafu omba straika upige kwa nguvu zako zote kutoka kwenye mstari wako, iende fremu ya mbele, irudi, iende tena, irudi. Kanuni zinataka ifike mizunguko mitatu na nusu. Ikichoka kwenye wa pili, uache.

Sasa niseme ninazozipenda, na sifichi, mimi ni wa keram za kampuni ya Siscaa. Ni ya India, niliichezea kwa mjomba Tanga tangu niko darasa la tano na ubao ule mpaka leo umenyooka. Fremu yake nzito, straika ikigonga inalia kavu, hairudi imelegea. Ukiipata yenye plaiwudi nene (ukikuta ya milimita 12 usiulize mara mbili) lipa, hata kama itabidi mchangishane, sisi tulichanga watu sita.

Ya pili Surco, nayo ya India, nzuri, ila mimi naona fremu ya Siscaa inarudisha vizuri zaidi. Ya tatu ni fundi seremala wako mwenyewe, mpe vipimo, mwambie plaiwudi nene na msalaba chini, asiguse matundu mpaka amekuonyesha duara, maana tundu ni sentimita 4.45 na mafundi wengi wanatoboa kubwa, kila kitu kinaingia, mchezo unakosa ladha.

Zile ndogo za bei rahisi ni za watoto. Basi.

Kilichoniudhi hasa ni yule muuzaji. Nilirudi kwake na ubao Jumatatu, rula mkononi, akaniambia "dada, hii ni original India", wakati haina jina popote, si juu si chini. Akasema nimeulowesha mwenyewe. Siku mbili! Na dukani kwake keram zote zimeegemezwa ukutani zimesimama wima, moja juu ya nyingine, miezi, sasa zisipinde kwa nini? Duka la tatu kutoka pale ubao wa aina ileile wanauza 60,000. Hela yangu sijarudishiwa mpaka leo.

Ukifika nao nyumbani usiuegemeze, ulaze chini ya kitanda. Na poda ya kunyunyiza juu ya ubao kete ziteleze, nunua ya keram yenyewe, ile ya mtoto ikipata jasho la mikono inaganda, kete zinakwama, mtaishia kugombana bure.