Great Allegheny Passage: Kuvuka Milima kwa Baiskeli Mbali na Magari

Ukiitazama ramani ya kusini-magharibi mwa Pennsylvania, nchini Marekani, na kuona jinsi mito inavyojipinda katikati ya milima yenye misitu minene, utadhani kwamba kupita huko kwa baiskeli ni kazi ya wanariadha. Sivyo ilivyo kwa anayefuata Great Allegheny Passage, njia ya kilomita 241 inayounganisha jiji la Pittsburgh na mji wa Cumberland katika jimbo la Maryland. Sehemu kubwa ya njia hii imetengenezwa juu ya matuta ya reli zilizoachwa, na kwa kuwa garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, wahandisi wa enzi hizo walilazimika kuchonga miamba, kujaza mabonde na kutoboa milima ili mwinuko ubaki mdogo. Kazi hiyo ngumu sasa inamfaidi mwendesha baiskeli, naye hatozwi kiingilio wala haulizwi kibali. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa njia bora kabisa za changarawe kwa mtu anayetaka safari ndefu ya milimani bila kupumuliwa kisogoni na malori.

Jambo la kwanza la kuamua ni upande wa kuanzia. Kutoka Pittsburgh, ambako kimo ni kama mita 220 juu ya usawa wa bahari, njia inapanda kidogo kidogo kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Eastern Continental Divide, kwenye mita 729, mahali ambapo mvua inayonyesha upande mmoja huishia Ghuba ya Meksiko na ya upande wa pili huishia Bahari ya Atlantiki. Katika sehemu hiyo yote mwinuko hauzidi asilimia 1, kiasi kwamba mara nyingi utajua kuwa unapanda kwa kuyatazama maji ya mto yakija upande wako. Ukishavuka kilele, unateremka kilomita 38 hivi mpaka Cumberland, kwa mteremko usiozidi asilimia 1.75. Wapo wanaopenda kuanzia Cumberland ili wamalize mapema sehemu ya kupanda, nami nawaelewa, lakini kwa mgeni aliyefunga mizigo kwenye baiskeli napendekeza Pittsburgh bila kusita. Miguu inapata siku kadhaa za kuzoea, na mteremko unakuja wakati mwili unauhitaji.

Hata hivyo, msafiri asidanganywe na maneno “njia tambarare”. Katika barabara ya vilima unapanda ukihema, kisha unateremka ukiwa umeacha kukanyaga pedali, na mwili unapumzika. Hapa nafasi hiyo ya kuteremka haipo kwa siku nyingi. Unakanyaga saa baada ya saa, umekaa mkao uleule, na kinachochoka kwanza si mapafu bali makalio, viganja na shingo. Kwa sababu hiyo tandiko linalokufaa lina thamani kubwa kuliko baiskeli nyepesi. Asiyewahi kukaa kwenye baiskeli saa nne mfululizo afanye mazoezi hayo kwanza nyumbani.

Uso wa njia ni chokaa iliyosagwa na kushindiliwa, isipokuwa Pittsburgh na viunga vyake pamoja na baadhi ya miji ambako kuna lami. Kokoto zake ni ndogo sana, baadhi zikiwa karibu na unga, na zikiwa kavu tairi linapita juu yake kwa sauti ya mchakacho laini usiochosha sikio. Matairi yenye upana wa milimita 35 hadi 40 yanatosha kabisa, shokomzoba hazihitajiki. Mvua ikinyesha, maji hayatuami sana, lakini ule unga hugeuka tope jepesi la kijivu linaloruka kutoka kwenye tairi na kuganda kwenye mnyororo, gia na breki, kisha likikauka linafanya kazi ya msasa. Chupa ndogo ya mafuta ya mnyororo na kitambaa ni vitu vya lazima, na madigadi ya kukinga tope nayo ni heri kuwa nayo. Mpenzi wa changarawe korofi, yenye mawe makubwa na kona za ghafla, atapaona hapa ni laini mno kwake. Sioni hilo kuwa kasoro, kwa maana ulaini huo ndio unaomwezesha mtoto, mzee na mtu mwenye mizigo kupita mahali pamoja.

Nikilazimika kuchagua sehemu moja tu, nitachagua kati ya Confluence na Connellsville, ambako njia inashikamana na mto Youghiogheny ndani ya bonde refu lenye kuta za msitu. Karibu na Ohiopyle ndipo kipande cha kwanza cha njia kilipofunguliwa mwaka 1986; cha mwisho, upande wa Pittsburgh, kilikamilika mwaka 2013. Mto hapo unazunguka kama kiatu cha farasi, nayo njia inaukata kwa madaraja mawili ya reli ya zamani. Ukisimama kwenye daraja la juu unawaona watu wakishuka kwenye maporomoko kwa boti za mpira, wakipiga kelele ambazo zinakufikia zikiwa zimechelewa kidogo. Ng’ambo ya mto treni za mizigo bado zinapita, mabehewa yake yakionekana vipande vipande kati ya miti. Nyumba maarufu ya Fallingwater, iliyobuniwa na Frank Lloyd Wright, iko kilomita chache kutoka Ohiopyle, ila kuifikia kunakutoa kwenye njia na kukuingiza katika barabara yenye magari, jambo ambalo mwenye watoto anapaswa kulipima vizuri.

Chini zaidi, kuelekea Pittsburgh, uzuri ni wa aina nyingine. Eneo la Connellsville lilikuwa kitovu cha kutengeneza makaa ya koki kwa ajili ya viwanda vya chuma, na kando ya mto kuna mahali ambapo maji ya rangi ya kutu yanachuruzika kutoka migodi ya zamani ya makaa. Baadhi ya wasafiri hupita haraka sehemu hii wakiiona haina mvuto. Mimi naona inastahili kuangaliwa kwa makini, kwani inaonyesha kilichozileta reli hizi bondeni na gharama ambayo mito ililipa.

Kuanzia karibu na Meyersdale kwenda mashariki, mambo makubwa yanafuatana kwa karibu. Kabla hujaufikia mji huo unavuka Salisbury Viaduct, daraja la chuma la mita 582 linalopita juu ya mto Casselman, barabara kuu na reli. Siku ya upepo shika usukani kwa mikono miwili. Baada ya kilele unaingia katika handaki la Big Savage, lenye urefu wa kilomita 1 na ushei. Taa zimo, lakini ni hafifu kwa mtu aliyetoka juani, na baridi inakupokea mlangoni hata katikati ya majira ya joto, hivyo koti na taa ya baiskeli viwe karibu. Ukitoka upande wa pili, bonde la Maryland linafunguka mbele yako lote kwa mara moja. Handaki hilo hufungwa kuanzia katikati ya Desemba hadi mapema Aprili ili baridi isigandishe maji yanayovuja na kuharibu kuta zake. Hakuna njia nzuri ya kulizunguka zaidi ya barabara za milimani zenye magari, kwa hiyo anayepanga safari ya majira hayo aahirishe. Kati ya Frostburg na Cumberland njia inakwenda sambamba na reli ya treni ya watalii, na katika handaki la Brush unagawana nafasi na treni yenyewe: ukiisikia inakuja, usiingie.

Huduma zinatosha, ingawa zimetawanyika. Confluence, Rockwood, Meyersdale na Frostburg zina malazi na chakula, lakini kati yake kuna sehemu ndefu ambazo hazina duka wala mtandao wa simu wa kutegemewa. Beba maji, tyubu ya akiba na pampu, na weka nafasi ya kulala mapema kwa wikendi za vuli, majani yanapobadilika rangi. Anayetaka kuendelea hadi Washington anaweza kuunganisha Cumberland na njia ya mfereji wa Chesapeake na Ohio (C&O), kilomita 297, ambayo ni ya udongo zaidi na yenye matope mengi mvua inaponyesha; huko tairi la milimita 40 si anasa. Anayerudi Pittsburgh anaweza kupanda treni ya Amtrak inayosimama Cumberland na Connellsville, mradi awe ameiwekea baiskeli yake nafasi kabla ya kuanza safari, kwa kuwa nafasi za baiskeli ni chache.