TAHADHARI: Anayeuza "sistimu ya duka" hapa Nakuru, halafu anakufungia kompyuta

Wenzangu wenye maduka Nakuru, Njoro, Molo hadi Naivasha, kuna mtu anazunguka akiuza sistimu ya mauzo. Akija kwako usinunue. Kama ulishanunua, soma hadi chini kabla hujaiwasha kesho.

Mimi nauza pembejeo karibu na soko la Wakulima. Alikuja Januari, kijana nadhifu, mpole, akaniita mama. Alijua pa kunishika. Tangu Januari 2024 mfanyabiashara akinunua kitu bila kupewa ankara ya eTIMS, ile ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA, hawezi kudai gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi yake. Mimi sikuwa naitoa, na wateja wangu wakubwa walikuwa wameanza kunihama. Akasema sistimu yake ina eTIMS ndani, inahesabu stoki, inaweka madeni, inatoa risiti. Shilingi 38,000 pamoja na kompyuta iliyotumika na printa ndogo, unalipa mara moja basi. Nikamtumia kwa M-Pesa, kwenye namba yake binafsi. Sikupewa mkataba wala ankara. Mtu anauza mashine ya kutoa ankara na yeye mwenyewe hatoi! Hapo ndipo ningesimama.

Alipokuwa akiiweka nilisimama nyuma yake. Nilimwona akizima kinga ya virusi. Nikauliza, akasema inasumbua programu. Baadaye fundi mwingine alinieleza kwamba ile programu ni nakala ya wizi, na kinga ilikuwa inaikataa kwa haki. Akaweka pia programu ya kuendesha kompyuta akiwa mbali, eti asinisumbue kwa kuja kila mara. Mimi akaniachia nywila ya kaunta. Ile ya msimamizi, inayofungua na kufunga kila kitu, akabaki nayo. Sikujua hata kwamba ziko mbili.

Machi mvua ikashika. Jumatatu asubuhi foleni ya mbolea na mbegu imefika barazani, skrini ikageuka nyekundu: leseni imeisha, piga namba hii. Namba ni yake. Alitaka 15,000. Nililipa, maana madeni ya wakulima wote yalikuwa humo. Ikafunguka. Alhamisi ikafunga tena, sasa anataka 25,000. Sikulipa, na nawaomba na nyinyi msilipe hata ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha kuwa utalipa ya pili.

Kufungiwa ningekumeza. Lililoniuma lilikuja Jumamosi. Wateja wangu walipata ujumbe wenye jina la duka: namba yetu ya Lipa na M-Pesa imebadilika, lipa deni lako hapa. Na deni la kila mmoja limetajwa hadi shilingi ya mwisho. Nani asingeamini? Mzee mmoja wa Njoro, niliyemuuzia mbegu miaka tisa, alituma 32,400. Alikuja dukani amefurahi, akanyoosha simu juu ya kaunta: "Mama, lile deni nimelimaliza." Nikasoma jina la aliyepokea. Si langu. Nilishindwa hata kumwambia kwa dakika nzima. Deni lake nimelifuta.

Kwa hiyo, wewe uliyewekewa na mtu huyu: kitu cha kwanza ni kukata intaneti, chomoa waya au zima waifai. Usifute chochote. Piga picha skrini, tunza ujumbe wote na malipo yote ya M-Pesa. Badilisha nywila ya barua pepe na ya kila kitu ulichowahi kufungua kwenye hiyo kompyuta, lakini fanya hivyo kwa simu yako, si kwa mashine hiyo hiyo. Halafu wapigie wateja mmoja mmoja kwa sauti yako. Ujumbe wa ulaghai ukifika kwenye laini ya Safaricom, uelekeze kwa 333, ni bure.

Jambo ambalo mimi sikulijua kabisa: chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, data za wateja zikivuja na kuna hatari ya kuwaumiza, ni wewe mwenye duka unayepaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Nilidhani hiyo ni ya benki. Majina, namba za simu na madeni ya wakulima wangu ni data.

Na wewe ambaye bado hujanunua, eTIMS yenyewe KRA inaitoa bure, hata kwa simu ya kawaida ukipiga *222#. Ukitaka sistimu ya mtu mwingine iliyounganishwa nayo, orodha ya walioidhinishwa iko kwenye tovuti ya KRA. Muulize muuzaji mbele ya shahidi: nywila ya msimamizi atabaki nayo nani? Akianza kuzunguka, mwonyeshe mlango. Kila jioni nakili madeni kwenye flashi, uichomoe, uende nayo nyumbani. Mimi niliokolewa na daftari gumu ambalo msichana wangu wa kaunta alikataa kuliacha, ingawa nilimwambia mara mbili kwamba limepitwa na wakati.

Nimepiga ripoti polisi na namba ya OB, yaani ya daftari lao la matukio, ninayo. Sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandaoni inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini. Tayari wawili, mmoja Molo na mmoja Naivasha, wameniambia walikutana na kijana huyo huyo, kila mahali na jina lingine. Tunakwenda pamoja Kituo Kikuu cha Polisi Nakuru Ijumaa saa tatu asubuhi. Kama alikuuzia, njoo na ujumbe wa M-Pesa uliomlipia, na usimpigie simu kabla ya siku hiyo.