Fundi bomba aliyetupitishia mabomba chini ya jamvi, Ngamiani, Tanga

Nyumba yetu ya Ngamiani ni ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za mtaani: ukumbi katikati, vyumba pande mbili na choo uani. Tangu magoti ya mama yaanze kumsumbua, safari yake ya usiku kwenda uani ilikuwa ikitutia hofu, kwa hiyo tuliamua kugeuza chumba cha mwisho kuwa bafu na choo, jambo lililolazimu kuvunja jamvi la zamani, yaani zege la sakafu, na kupitisha mabomba chini yake hadi kwenye chemba ya maji machafu. Kazi hiyo tulimpa fundi bomba wa mtaani na msaidizi wake, nao waliifanya kwa siku 6.

Jamvi alilikata kwanza kwa grenda pande zote mbili ndipo akaingiza tindo, hivyo zege la pembeni halikupasuka. Chini ya bomba la maji machafu la inchi 4 alitandaza mchanga uliochekechwa, kwa sababu kokoto yenye ncha ikikandamizwa na sakafu huliumiza bomba la plastiki. Mwinamo aliupima kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, si kwa macho: sentimita 2 kwa kila mita, yaani sentimita 12 kwa mita zetu 6. Nilipomuuliza kwa nini asiuongeze ili uchafu utoke upesi, alinieleza kwamba mwinamo ukizidi maji hukimbia na kuuacha uchafu nyuma. Penye kona hakuweka elbo ya nyuzi 90, bali mbili za nyuzi 45, na nje ya ukuta akaacha mdomo wa kuzibulia.

Bomba la chuma la maji safi tulilolikuta chini lilikuwa limeliwa na kutu hata likameguka mkononi. Badala yake alilaza la PPR, yaani plastiki ngumu inayoungwa kwa kuchomewa, lisilo na kiungo hata kimoja chini ya sakafu. Maungio yote aliyachomea ukutani, mahali panapofikika.

Kilichonipa imani zaidi ni jioni ya siku ya nne. Aliziba mwisho wa bomba la maji machafu kule kwenye chemba, akalijaza hadi karibu na mdomo wa choo, kisha akainama na kuchora mstari wa penseli ndani ya bomba pale maji yalipoishia. “Kaka, leo hatufukii kitu,” aliniambia, “tuyaache maji yalale, kesho tuje tuyaangalie.” Asubuhi tulimulika kwa tochi ya simu, na maji yalikuwa bado yamegusa mstari. Ndipo aliponiruhusu nipige picha za mtaro mzima, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka ukutani, ili atakayetoboa sakafu siku za mbele ajue mabomba yamepita wapi.

Dosari ilikuwa katika kufukia. Udongo aliurudisha wote kwa mkupuo na kuushindilia juu tu, badala ya tabaka kwa tabaka, na wiki 3 baadaye sakafu ya karibu na mlango ikatitia kwa unene wa kidole. Marumaru zilikuwa bado hazijawekwa. Fundi alirudi, akavunja kipande hicho na kukimwaga upya bila kudai malipo, lakini mama alilazimika kuhamia kwa dada yangu kwa siku kadhaa, na usumbufu huo kwa mtu wa umri wake si mdogo. Kazi nyingine nitampa yeye, ila siku ya kushindilia nitakuwapo.